Pua Iliyozoea Haisemi Kweli

Alfajiri moja ya masika nilibisha hodi nyumbani kwa bibi mmoja wa Kitendaguro, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Bukoba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kama ilivyo desturi ya mji ule unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na migomba ilikuwa bado ikidondosha maji. Bibi alikuwa amekwisha kuamka, ndoo ya kukamulia ikiwa mkononi.

"Karibu waitu," alinikaribisha. "Umefika saa ya kazi. Njoo umwone mlipa ada wangu."

Mlipa ada ni ng'ombe wake wa maziwa, chotara mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye maziwa yake humnunulia mjukuu wa darasa la nne madaftari, sare na viatu. Banda lake limeegemezwa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba. Lina mabati juu na mabati ubavuni, tena limezibwa vizuri kwa sababu mbili ambazo kila mfugaji wa mjini anazifahamu: mvua na wezi.

Bibi alipolifungua banda, macho yangu yalijaa machozi papo hapo na koo likanikaba. Nikakohoa. Yeye alinitazama kwa huruma.

"Una mafua, mwanangu?"

Nikamjibu kwamba ni harufu. "Harufu ipi?" akaniuliza, wala hakuwa akitania. Kwa hakika hakuwa akisikia chochote.

Tulipokuwa tukinywa chai ndipo aliponieleza lililokuwa likimsumbua. Mjukuu wake alikuwa akikohoa kila usiku kwa muda mrefu. Alikuwa akilala katika chumba cha nyuma, ambacho ukuta wake ndio huo huo ulioegemewa na banda. Majirani walikuwa wamemshauri amwuze ng'ombe. "Nikimwuza, mtoto atapona kifua lakini atakosa shule," alisema. "Nisipomwuza, atasoma huku anakohoa. Wewe unayeandika magazetini, niambie nishike lipi."

Swali hilo si la bibi huyo peke yake. Katika miji yetu mingi, kuanzia Bukoba na Moshi hadi pembezoni mwa Dar es Salaam, zipo familia za wafanyakazi zinazofuga ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba ili kuongeza pato. Ufugaji huo ni jambo la kusifiwa. Lakini hewa ya ndani ya banda, ambayo mara nyingi huingia chumbani bila kuonekana, ni jambo ambalo familia nyingi hazijalikagua hata siku moja. Leo, ndugu msomaji, tuikague pamoja.

"Mbona wazee walilala nao?"

Mtu akilizungumza jambo hili Bukoba, jibu la kwanza atakalolipata ni hili: mbona wazee wetu walilala na ng'ombe ndani ya msonge na wakazeeka? Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuna budi kuijibu kwa heshima.

Ni kweli kwamba katika nyumba ya asili ya Wahaya, ule msonge mrefu ulioezekwa kwa nyasi, watu na mifugo waliweza kulala chini ya paa moja. Ng'ombe alihesabiwa kama mali ya shamba. Udongo wa mwambao ule ni maskini kwa asili, na kibanja cha migomba na kahawa kilistawi kwa sababu ya samadi na nyasi zilizoletwa kutoka rweya, yaani mbuga za malisho zilizo kati ya kijiji na kijiji. Bila ng'ombe, mgomba ulidhoofu.

Lakini yafaa tuitazame nyumba ile kwa makini. Paa lake lilikuwa la nyasi, nalo lilipumua: mvuke na moshi vilipenya vikatoka. Kilele chake kilikuwa kirefu, hivyo hewa yenye joto ilipata mahali pa kupanda. Sakafu ilitandikwa nyasi kavu ambazo zilinyonya mkojo, kisha zikaondolewa kupelekwa kibanjani. Na zaidi ya yote, ng'ombe wale walishinda rweya mchana kutwa. Ndani walilala tu.

Sasa tumtazame ng'ombe wa leo. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, ng'ombe wa maziwa wenye damu ya Ulaya walienea mkoani Kagera kwa juhudi za serikali, makanisa na mradi wa maendeleo ya mifugo uliosaidiwa na Uholanzi. Wengi waliwapata kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambapo mfugaji aliyepewa mtamba hulipa kwa kumpa mwenzake ndama jike. Ng'ombe huyo halishwi rweya. Hukatiwa majani akaletewa horini, na hukaa ndani ya banda saa 24, siku zote za mwaka. Kila siku hutoa lita 10 hadi 20 za mkojo, na kinyesi cha kilo 20 au zaidi. Juu yake lipo bati lisilopumua, na chini yake mara nyingi ipo sakafu isiyonyonya.

Kwa hiyo, tulichokirithi kwa wazee ni ukaribu na ng'ombe. Paa linalopumua, nyasi kavu za sakafuni na mchana wa malishoni hatukuvirithi. Wala tusiusifu msonge kupita kiasi, maana moshi wa jiko lake uliwaumiza wengi macho na vifua.

Katika mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walichapisha uchunguzi uliolinganisha watoto wa jamii mbili za wakulima wenye asili inayokaribiana. Waamish hufuga ng'ombe wa maziwa kwa njia za kale, kila familia na ng'ombe wake karibu na nyumba, na watoto huingia bandani tangu wakiwa wadogo. Wahutterite hulima na kufuga kwa pamoja katika mashamba makubwa yenye mitambo, mbali na makazi. Ugonjwa wa pumu ulikuwa kwa asilimia 5 hivi ya watoto wa Waamish, na kwa asilimia 21 hivi ya watoto wa Wahutterite. Vumbi la nyumba za Waamish, lililojaa vijidudu vya mifugo, lilionekana kuufundisha mwili wa mtoto kujilinda. Wataalamu hao hawakusema kwamba mtoto alazwe bandani. Lakini uchunguzi wao unatupa neno la kumwambia bibi wa Kitendaguro: kuwa karibu na ng'ombe si lazima kuwe ndiko kunakoleta ugonjwa. Cha kuogopwa zaidi ni hewa iliyofungiwa ikaoza.

Nini kimo katika hewa hiyo?

La kwanza ni amonia, hewa kali inayochoma macho. Mkojo wa ng'ombe una yurea, ile ile iliyomo katika mbolea ya dukani. Mkojo ukikutana na kinyesi, vijidudu vya kinyesi huigeuza yurea kuwa amonia kwa muda wa saa chache. Amonia huanzia sakafuni, kwa hiyo ndama aliyelala chini huivuta zaidi kuliko mtu aliyesimama. Hudhoofisha vinyweleo vidogo mno vilivyomo ndani ya njia ya pumzi, ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu kuutoa nje. Vikidhoofika, kichomi huingia bila kupingwa, kwa ndama na kwa binadamu.

La pili ni unyevu. Ng'ombe hupumua mvuke mwingi usiku kucha. Mvuke huo ukigonga bati baridi hugeuka matone, matone hudondoka juu ya malalo, na malalo yaliyolowa hulea kuvu na vijidudu.

La tatu ni vumbi la majani yaliyoota ukungu. Mwaka 1932 daktari mmoja wa Uingereza, J. M. Campbell, alieleza ugonjwa wa wakulima walioshika nyasi kavu zilizooza ndani: saa chache baada ya kazi walishikwa na homa, kikohozi na pumzi fupi. Ugonjwa huo hadi leo huitwa pafu la mkulima. Mfugaji anayetikisa nyasi au maranda yenye ukungu ndani ya banda lililofungwa anajitafutia ugonjwa huo huo.

La nne ni moshi. Wapo wanaowasha moto wa majani mabichi bandani ili kufukuza mbu na nzi, na nyumba nyingi hupikia kuni au mkaa jikoni jirani na banda. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na mioto ya kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Basi mtoto anayelala nyuma ya banda na mbele ya jiko la kuni huvuta hewa chafu kutoka pande mbili.

La tano ndilo baya kuliko yote, nalo hukaa shimoni. Samadi ya majimaji iliyorundikwa katika shimo lililofunikwa hutengeneza hewa yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo, pua huisikia. Ikifika sehemu 100 hivi katika kila sehemu milioni za hewa, huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani kwamba hatari imekwisha kumbe ndiyo kwanza imefika. Ikizidi sana, humwangusha mtu kwa pumzi chache. Tarehe 15 Septemba 1912 isingekuwa ajabu kusikia msiba wa namna hiyo. Lakini uliotokea Hillsborough, Ireland ya Kaskazini, ulitokea tarehe 15 Septemba 2012, katika nchi yenye wataalamu na vifaa vyote. Mchezaji wa raga Nevin Spence, kijana wa miaka 22, alikufa pamoja na baba yake na kaka yake katika shimo la samadi la shamba lao wenyewe. Misiba ya mashimo ya samadi hufanana mahali pengi: mmoja huanguka, mwingine humfuata kumwokoa, naye huanguka.

Kwa hiyo liwe agizo la kila nyumba: hakuna mtu anayeingia katika shimo la samadi au mtambo wa bayogesi, hata kwa dakika moja, hata kama ni kumtoa mtoto wa mbuzi. Shimo likikorogwa, watu na wanyama wakae mbali, upande unakotoka upepo.

Kupima bila chombo

Katika nchi zenye mashamba makubwa, vyombo vya kupimia amonia huning'inizwa bandani. Huko Marekani taasisi inayoshughulikia usalama wa wafanyakazi hupendekeza kwamba mtu asifanye kazi siku nzima katika hewa yenye amonia inayozidi sehemu 25 katika milioni. Watu wengi huweza kuinusa amonia ikiwa chini ya hapo. Lakini pua huchoka. Anayeingia bandani kila siku huzoea, na baada ya muda pua yake humwambia kwamba hewa ni safi hali macho ya mgeni yanatoka machozi. Ndiyo sababu bibi aliniuliza, "Harufu ipi?"

Basi tusiiulize pua iliyozoea. Zipo njia sita ambazo familia yoyote inaweza kuzitumia, na gharama yake ni ndogo mno.

Pua ya mgeni. Mwombe jirani asiyefuga, au ndugu aliyetoka safari, aingie bandani alfajiri kabla mlango haujafunguliwa kwa muda mrefu. Akikunja uso, mwamini.

Kupiga magoti. Shuka hadi pua yako iwe mahali ilipo pua ya ndama aliyelala. Vuta pumzi mara tano. Macho yakiwasha, ndama wako anaishi ndani ya hewa hiyo usiku na mchana.

Karatasi ya litimasi. Mwanafunzi wa sekondari anaifahamu kutoka maabara, na huuzwa katika maduka ya vifaa vya shule na maabara. Lowesha kipande chekundu kwa maji safi, kishike karibu na sakafu bila kugusa mkojo. Kikigeuka kuwa bluu upesi, amonia ipo.

Matone na utando. Tazama upande wa chini wa mabati asubuhi. Matone ya maji, kutu inayoenea na utando wa buibui uliojaa vumbi ni ushahidi kwamba hewa haitembei.

Moshi mwembamba. Washa kijiti cha udi, ukikiweka mbali na nyasi kavu, uutazame moshi wake. Ukipanda na kutoka nje upesi, banda linapumua. Ukizunguka na kutua, banda limefungwa.

Kuhesabu vikohozi. Waamshe ng'ombe na ndama alfajiri, usikilize. Ndama akikohoa kila anaposimama, au akitokwa na machozi na kamasi, hewa ishutumiwe kwanza, hata kama afisa mifugo atakuja kumtibu.

Haya yote yaandikwe katika daftari. Chora mistari: tarehe, neno la mgeni, rangi ya karatasi, matone, vikohozi vya ndama, na vikohozi vya mtoto usiku. Andika kwa juma moja kabla hujabadili chochote. Kisha badili jambo moja, uandike juma jingine. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mtoto wa shule, naye atajifunza kwayo namna wataalamu wanavyofikiri: wao hawasemi "nadhani nafuu imepatikana," bali hufungua daftari wakaonyesha.

Kuponya hewa

Kanuni ya kuponya hewa ya banda yaweza kusemwa kwa maneno manne: wazi juu, kavu chini.

Wazi juu. Wafugaji wengi hufunga banda wakidhani kwamba ng'ombe ataona baridi. Ng'ombe mwenye damu ya Ulaya hustarehe katika baridi ambayo wewe ungejifunika blanketi mbili. Hali ya hewa ya Bukoba haimtishi hata kidogo. Joto na unyevu ndivyo vinavyomtesa. Kuta za banda ziishie kifuani, na sehemu iliyobaki hadi kwenye paa iwe nguzo, mianzi au wavu wa chuma. Wavu humzuia mwizi kama bati linavyomzuia, lakini haumzuii upepo. Paa liwe na mteremko, na upande wake wa juu uachwe wazi chini ya bati ili hewa yenye joto itoke. Paa lichomoze nje vya kutosha ili mvua ya upepo isiingie. Ndama pekee ndiye anayehitaji kinga dhidi ya upepo wa moja kwa moja, nayo ni malalo makavu na ubao ulioinuliwa juu ya sakafu.

Kavu chini. Sakafu iteremke kiasi cha sentimita mbili kwa kila mita, kuelekea mfereji unaopeleka mkojo nje mara tu unapomwagika. Kinyesi kizolewe asubuhi na jioni. Mkojo na kinyesi vikitenganishwa mapema, amonia hupungua sana. Malalo yawe mengi na makavu: nyasi, maranda ya mbao, au maganda ya kahawa ambayo mkoani Kagera hayana uhaba. Yakilowa yaondolewe, na yenye ukungu yasiingizwe kabisa.

Hapa liko neno la kumfurahisha mwenye kibanja. Amonia ina nitrojeni, na nitrojeni ndiyo inayotia mgomba rangi ya kijani. Kila asubuhi unaposikia harufu kali bandani, ujue kwamba mbolea yako inapaa angani na kwenda zake. Mkojo ulioelekezwa katika ndoo yenye mfuniko, na kinyesi kilichochanganywa na maganda makavu na kufunikwa kwa nyasi, hubakiza nitrojeni hiyo hadi ifike shambani. Hewa safi ya mtoto na mkungu mnono wa ndizi vyatoka katika kazi moja.

Wenye ng'ombe wawili au zaidi na nafasi ya kutosha wanaweza kufikiria bayogesi. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeieneza teknolojia hii kwa miaka mingi, na mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa wa bayogesi za majumbani. Kinyesi huingia katika mtambo uliofungwa, moto wake hauna moshi wa kuni, na tope linalobaki huenda kibanjani. Kwa njia hiyo jiko na banda hupata nafuu kwa pamoja.

Na pale ambapo kiwanja ni kidogo, jambo la kwanza si kujenga, bali ni kuhamisha kitanda. Mtoto, mgonjwa na mzee wasilale katika chumba kinachopakana na banda. Dirisha lisitazamane na mlango wa banda. Kwa wakazi wa mwambao wa ziwa, kumbukeni pia kwamba mchana upepo huelekea kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Harufu ya saa 9 alasiri na harufu ya saa 9 usiku haziendi upande mmoja. Kwa hiyo pimeni usiku pia, maana usiku ndipo mtoto anapolala.

Jibu kwa bibi

Asubuhi ile sikumwambia bibi auze wala asiuze. Tulipiga magoti pamoja bandani, yeye akicheka kwa kuwa hajapata kuona mgeni akimpigia magoti ng'ombe. Baada ya pumzi tatu akainuka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akanyamaza kidogo. "Kumbe ndivyo ndama anavyokaa," alisema.

Usiku huo huo kitanda cha mjukuu kilihamishiwa chumba cha mbele. Nilimsihi pia ampeleke mtoto kwa mganga wa zahanati, kwa kuwa mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi yampasa achunguzwe kifua kikuu, na hapana banda litakalotibu ugonjwa huo. Hali kadhalika nilimkumbusha kwamba maziwa yachemshwe, maana ng'ombe naye huweza kuugua kifua kikuu na kukipitisha kwa njia hiyo.

Nilirudi Kitendaguro baada ya miezi miwili. Mabati mawili ya ubavuni yalikuwa yameondolewa, na mahali pake pakawekwa wavu. Mfereji ulikuwa umechimbwa kuelekea mgombani. Mtoto alikuwa amechunguzwa. Hakuwa na kifua kikuu, bali mganga alikuta dalili za pumu, akampa dawa na kumwonya juu ya moshi na vumbi. Hakuwa amepona kabisa. Lakini alinionyesha daftari lake kwa fahari. Katika juma la kwanza aliandika vikohozi vya usiku hadi mstari ukamwishia. Katika juma la mwisho zilikuwapo siku tatu zenye sufuri.

Mlipa ada alikuwa palepale, akitafuna majani. Bibi alinikaribisha bandani, kisha akasimama kando na kuningoja niingie kwanza.

"Vuta wewe," alisema. "Yangu imezoea."

Nikavuta. Kulikuwa na harufu ya ng'ombe, ya majani mabichi na ya maziwa ya moto ndani ya ndoo. Macho yangu yalikuwa makavu.

Ndugu msomaji, kesho alfajiri, kabla hujaenda kazini, ingia katika banda lako la ng'ombe, mbuzi au kuku, upige magoti. Nawe usiyefuga, ingia jikoni mwako moto unapowaka, uketi chini anapochezea mtoto. Vuta pumzi tano. Kisha mwite jirani avute zake, na yale atakayokuambia yaandike.